Kava la ngozi la tarumbeta: ulifunge kwa gidamu, velkro au vifungo vya kubonyeza?

Chombo cha shaba huzeeka kwanza pale kinaposhikwa. Kwenye tarumbeta ni ubavuni mwa silinda za vali, kwenye tromboni ni pale mkono wa kushoto unapobeba uzito wote, na kwenye honi ya Kifaransa ni kwenye mirija inayokumbatiwa na kiganja. Vanishi hufifia, hubanduka, shaba inakuwa ya kahawia, na baada ya muda vidole vinaanza kuhisi vishimo ambavyo havikuwepo. Kava la ngozi ni kinga ya siku nyingi, na unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa kisu kikali, msharasi, sindano mbili na subira.

Anayeanza kazi hii kwa kawaida hakwami kwenye kukata. Hukwama kwenye kufunga. Kuna njia tatu zinazotumika sana: kulivuta kwa gidamu zinazopishana, kulibandika kwa utepe wa velkro, au kulibana kwa vifungo vya chuma vya kubonyeza. Kila njia ina wanaoiapia, na wana sababu zao. Hapa nimezipima kwa vigezo vilevile ili uchague inayokufaa wewe na chombo chako.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Watu hulichukulia kava kana kwamba linazuia jasho lisifike kwenye shaba kabisa. Ukweli ni kwamba ngozi hulinywa jasho, hulihifadhi, na hulilaza juu ya chuma kwa saa nyingi baada ya wewe kukirudisha chombo kwenye sanduku lake. Kava lisilovuliwa kamwe linaweza kuila shaba kuliko mkono mtupu unaofutwa kwa kitambaa kila baada ya mazoezi. Ndiyo maana naona swali la kifungio ni swali la tabia yako: utalivua mara ngapi?

Jasho hufanya nini hasa

Shaba ya manjano inayotumika kwenye matarumbeta mengi huwa na takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Ile yenye wekundu kidogo, inayouzwa kama shaba ya dhahabu, ina shaba nyekundu karibu asilimia 85. Jasho lina chumvi na asidi hafifu, na vanishi ikishatoboka, zinki ndiyo huanza kushambuliwa. Zinki ikitoka, kinachobaki ni shaba nyekundu dhaifu yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na doa lake huwa la waridi au jekundu. Usitegemee kulimaliza kwa dawa ya kung'arishia. Hapo hakuna uchafu wa kufuta. Chuma chenyewe kimepungua.

Kava hukinga upande wa nje tu. Madoa ya aina hiyohiyo huweza kuanzia ndani ya mrija wa kupulizia kutokana na unyevu wa pumzi, na hayo hayazuiwi na ngozi ya aina yoyote. Kinga yake ni kuosha ndani mara kwa mara. Kama kava lako linafunika sehemu ya mrija huo, ndiyo sababu nyingine ya kulivua na kuangalia chini yake.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaangalia mambo matano. La kwanza ni mkao: je, kava linaushika mwili wa chombo bila kuzunguka, na kiganja kinahisi nini? La pili ni kuvua, yaani muda na usumbufu wa kulitoa. La tatu ni usalama wa uso wa chombo, kwa sababu kifungio kibaya chaweza kukwaruza kile kile kilichokusudiwa kulindwa. La nne ni kazi ya fundi: zana zinazohitajika na makosa yanayojitokeza. La tano ni maisha ya kava: nini huharibika kwanza, na je, kinatengenezeka?

Sijaweka sauti kati ya vigezo. Wapo wanaohofu kwamba ngozi huzima mlio. Mkono tayari umeshika palepale, kwa hiyo ngozi nyembamba iliyo chini ya kiganja haiongezi jambo kubwa. Ukihofu, piga sauti ndefu kwa kava na bila kava, masikio yako yaamue.

Kabla ya kifungio: ngozi na kipimo

Ngozi utakazokutana nazo ni za aina mbili kuu. Moja husindikwa kwa tanini za magome na majani ya miti, nyingine kwa chumvi za kromu. Ngozi ya magome ni ngumu kiasi, hushika umbo ukiilowesha na kuikaushia juu ya kitu, na ukingo wake husugulika hadi ukang'aa. Hubadilika rangi kwa jua na jasho, na wengine hupenda hivyo. Ngozi ya kromu ni laini tangu mwanzo, hustahimili maji vizuri zaidi, lakini haishiki umbo, na ukingo wake hubaki na manyuzi usipoukunja au kuupaka rangi ya kingo.

Aina zote mbili hubaki na uchachu kidogo baada ya kusindikwa. Hilo peke yake si tatizo ngozi ikiwa kavu. Tatizo huja ikilowa na kukaa. Na usiipake mafuta mengi. Asidi za mafuta zikikutana na shaba hutengeneza uteute wa kijani wenye nta, ule unaouona kuzunguka vifungo vya shaba kwenye mikanda ya zamani. Ngozi ya kava iwe kavu, safi, na ikipakwa kitu basi iwe nta kidogo upande wa nje tu.

Unene wa milimita 0.8 hadi 1.2 unatosha kwa tarumbeta na honi. Tuba inaweza kubeba hadi 1.5. Mahali ngozi inapouzwa kwa aunsi, aunsi moja ni karibu milimita 0.4, hivyo tafuta ya aunsi 2 hadi 3. Kama ngozi yako ya mwili hupata upele kwa urahisi, chagua ya magome au hakikisha ya kromu imepimwa. Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2015, hauruhusu bidhaa za ngozi zinazogusa mwili kuwa na kromu ya aina ya VI kuanzia miligramu 3 kwa kilo, kwa sababu ya mzio huo.

Kipimo ni kilekile kwa njia zote tatu. Zungushia sehemu ya kukingwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula, juu yake karatasi, juu ya karatasi tepu ya karatasi. Usibandike tepu moja kwa moja kwenye vanishi iliyochoka, itaondoka nayo. Chora mistari ya mirija, pete ya kidole na slaidi ya vali ya pili, kisha pasua na uvue. Hicho ndicho kiolezo chako. Acha milimita 2 au 3 juu ya vizibo vya chini vya vali ili viweze kufunguliwa bila kugombana na ngozi. Kikate kiolezo kwenye kitambaa kizito kwanza, ukifunge, ushike chombo kama unavyocheza, uone kinapokunjamana.

Kwa ngozi ya magome, umbo lipe nje ya chombo. Chukua vipande vitatu vya bomba la plastiki vyenye kipenyo kinachokaribiana na cha silinda zako, vifunge pamoja kwa tepu kwa nafasi ileile ya vali, kisha vingirisha ngozi iliyolowa juu yake na kuikandamiza kwa kidole gumba kwenye mabonde mawili kati ya bomba na bomba. Ikikauka hadi kesho yake inakuwa na mawimbi yale yale ya vali, na kava halitacheza hata kabla hujalifunga. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayotofautisha kava linalokaa na kava linalozunguka.

Gidamu

Mkao. Hapa gidamu haina mpinzani. Kila jozi ya matundu inavutwa kwa nguvu yake: pembamba unakaza, panene unalegeza. Kwenye honi ya Kifaransa, ambako mirija inapinda na kupishana, hakuna kifungio kingine kinachofuata umbo kwa namna hiyo. Siri yake ni kukata ngozi ikiwa pungufu. Kingo mbili zikikutana bila gidamu, kava limeshakuwa kubwa, kwa sababu ngozi itaendelea kunyooka. Acha mwanya wa milimita 6 hivi, uvutwe taratibu katika wiki za mwanzo. Kiganjani ni nyembamba, ila mistari ya gidamu huhisika kama imepita mahali pabaya, hivyo upande wa kufungia uelekezwe kule ambako kiganja hakikandamizi.

Kuvua. Huu ndio udhaifu wake, na hauna njia ya mkato. Kwenye tarumbeta huwezi kulegeza tu ukalitelezesha, maana mirija inapita katikati. Lazima gidamu itoke yote na irudi yote. Mtu aliyechoka usiku baada ya onyesho hafungui gidamu. Kava la namna hii linataka mtu mwenye siku maalumu ya usafi anayoiheshimu. Gidamu bapa ya kiatu hurudi haraka kuliko kamba ya nta ya mviringo, na ncha zilizofungwa vizuri kwa plastiki huokoa muda kuliko unavyodhani.

Usalama. Hakuna chuma, hakuna plastiki ya kukwaruza. Lakini mwanya kati ya kingo huacha mstari wa shaba wazi, na vumbi linalonaswa chini ya gidamu husugua. Weka ulimi wa ngozi nyembamba chini ya mwanya, umeshonwa upande mmoja tu, na pitisha gidamu ili mapishano yawe juu ya ngozi. Kuna wanaotia vipete vya chuma kwenye matundu ili yapendeze. Ukingo wa kipete upande wa ndani utaiuma vanishi. Kama unahofia matundu kuchanika, shonea ukanda wa ngozi ya pili kando ya matundu.

Kazi ya fundi. Panchi ya milimita 2, rula, msharasi. Matundu yakae kama milimita 5 kutoka ukingoni na yaachane milimita 8 hadi 10. Kosa linalorudiwa ni kutoboa upande mmoja, kisha mwingine kwa makadirio. Kava likifungwa linajipinda kama kizibao kilichofungwa kifungo kisicho chake. Weka pande mbili pamoja, toboa alama kwa msharasi mara moja kwenye zote, ndipo utumie panchi. Kwa fundi wa mara ya kwanza hii ndiyo njia inayosamehe zaidi, kwani kipimo kilichokosewa kidogo kinafichwa na mvuto.

Maisha. Gidamu hukatika kabla ya ngozi, nayo inabadilishwa kwa dakika chache. Ngozi ikizidi kunyooka mpaka mwanya uishe, kata ukanda mwembamba, toboa upya, endelea.

Inamfaa mwenye chombo chenye maumbo magumu, anayepiga bila kutoka jasho jingi, na ambaye hushikilia ratiba ya usafi.

Velkro

Ubunifu huu ni wa mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, aliyepata hataza yake mwaka 1955. Upande mmoja una vindoano vigumu, mwingine una nyuzi laini zenye vitanzi.

Mkao. Kwenye silinda zilizonyooka hukaa vizuri, na unaweza kukaza au kulegeza milimita chache. Kwenye mapindo hutoa mikunjo, kwa sababu utepe wenyewe haupendi kupinda pande mbili kwa wakati mmoja. Tatizo kubwa zaidi ni unene: tabaka mbili za ngozi na mbili za utepe zinafikia milimita 4 au zaidi, na mchezaji mwenye mkono mdogo ataliona bonge hilo kila anaposhika. Unaweza kulipunguza kwa kukwangua ngozi upande wa nyama pale utepe utakaposhonwa.

Kuvua. Sekunde. Ukimaliza kucheza unalivuta, unafuta shaba, kava linalala nje ya sanduku likikauka. Kwangu mimi hii ndiyo sifa inayozidi nyingine zote kwenye orodha ya velkro, kwa sababu inageuza usafi kuwa jambo dogo, na jambo dogo ndilo linalofanyika. Mlio wake wa kuchanika ni wa kweli, lakini: usilivue ukumbini wakati wengine wanacheza pole pole.

Usalama. Vindoano ni vya plastiki na haviwezi kuichimba shaba, ila vikisugua vanishi huku vumbi likiwa katikati, ng'aro hupotea. Shona vindoano kwenye ukingo wa chini vikitazama nje, na utepe laini kwenye ukingo wa juu ukitazama ndani. Utepe laini uuzidi wa vindoano kwa milimita 3 kila upande, ili kava likifungwa kwa haraka na kwenda kombo kidogo, kisionekane kindoano hata kimoja. Kinachobaki wazi kitakwaruza kiganja chako au kitang'ang'ania mkono wa shati.

Kazi ya fundi. Utepe wa upana wa milimita 20 unatosha tarumbeta. Ushone, usiamini ule wenye gundi mgongoni. Joto la kiganja huilainisha gundi, utepe ukahama taratibu, na sindano ikipita ndani yake hunata na kukatisha uzi. Tumia utepe mmoja mrefu unaoenda urefu wote wa kava badala ya viraka viwili, maana viraka huvuta ngozi mahali pamoja na kuacha mdomo wazi katikati. Kata pembe za utepe ziwe za mviringo. Pembe kali ndizo huanza kubanduka.

Maisha. Vindoano hujaa manyuzi na vumbi, nguvu ikapungua. Yatoe kwa ncha ya sindano. Upande laini huchakaa kwanza. Habari njema ni kwamba unafumua uzi, unaweka utepe mpya, unashona kwenye matundu yaleyale, na ngozi haijui kilichotokea.

Inamfaa anayetoka jasho, anayecheza kila siku, na chombo kinachoshikwa na mikono zaidi ya mmoja.

Vifungo vya kubonyeza

Mkao. Kava la vifungo likikatwa sawasawa ni jembamba na nadhifu kuliko yote mawili yaliyotangulia. Lakini kifungo kina sehemu moja tu ya kukaa. Ngozi ikinyooka milimita 2, kava limelegea milimita 2, na hakuna cha kukaza. Kwa hiyo usiweke vifungo siku uliyokata. Weka safu ya upande mmoja, zungushia kava kwenye chombo, libane kwa kamba au klipu zenye mdomo wa plastiki, lichezee siku chache, ndipo uweke alama za safu ya pili. Vifungo vitatu au vinne vinatosha tarumbeta. Viwili huacha tumbo katikati.

Kuvua. Ni haraka, karibu na velkro, na hakuna kelele isipokuwa vile vidoko vidogo. Fungua kwa kuingiza ukucha karibu na kifungo chenyewe. Anayevuta ukingo wa ngozi, hasa ngozi laini ya kromu, atalirefusha tundu hadi kifungo kitoke na kipande chake.

Usalama. Hapa panahitaji umakini kuliko popote. Kifungo kina sehemu mbili za nje na mbili za nyuma, na moja ya zile za nyuma hutazama shaba moja kwa moja. Kila kidole kikibonyeza kufunga, duara lile la chuma linakandamizwa kwenye vanishi. Dawa ni ulimi: kipande cha ngozi nyembamba kinachoshonwa ndani, kikipita chini ya safu nzima ya vifungo. Bila ulimi usithubutu. Angalia pia chuma cha vifungo. Vya chuma cha kawaida hupata kutu ndani ya ngozi yenye jasho na kuacha duara la kahawia. Chagua vya shaba au vya chuma kisichopata kutu. Mwenye mzio wa nikeli aepuke vilivyopakwa nikeli, kwani yawezekana nikeli ya kwenye chombo ndiyo iliyomfanya atafute kava.

Kazi ya fundi. Unahitaji kifaa cha kugongea na kitako chake vinavyolingana na saizi ya kifungo. Kofia za milimita 12.5 na 15 ndizo zinazopatikana sana, na ya kwanza ndiyo inayofaa hapa. Shina la kifungo lina urefu wake: ngozi ikiwa nyembamba mno, shina hujikunja pembeni na kifungo kinacheza, ikiwa nene mno, halishiki. Gonga vichache kwenye mabaki ya ngozi ileile kabla ya kugusa kava. Kifungo kilichogongwa vibaya hakirudishwi nyuma, hukatwa, na kukata huko ndiko kunakoharibu ngozi. Hii ndiyo njia inayodai mkono uliozoea.

Maisha. Chuma hudumu. Kinachochoka ni ule mkamato wa ndani, au tundu la ngozi kuzunguka shina. Kubadilisha kifungo kunawezekana, ila kila mara tundu linakua, na mwisho unahitaji kiraka.

Inamfaa anayetaka wembamba na unadhifu, mwenye ngozi imara ya magome iliyokwishapewa umbo, na fundi asiyeogopa zana za kugonga.

Kuchanganya

Hakuna sheria inayokukataza kutumia njia mbili kwenye kava moja. Unaweza kulikata vipande viwili, upande mmoja ukaunganishwa kwa gidamu isiyofunguliwa kamwe na upande wa pili ukafungwa kwa velkro au vifungo. Gidamu inabaki kuwa mahali pa kukazia ngozi inaponyooka, na kifungio cha haraka kinakuwa mlango. Ni kazi zaidi, na mishono ni miwili badala ya mmoja, lakini kwa kava la vifungo inaondoa udhaifu wake mkubwa.

Uchague kwa hali yako

Kama mikono yako hutoka jasho mpaka kitambaa kinalowa, anza na velkro na ngozi ya kromu, na tengeneza makava mawili kwa kiolezo kimoja. Moja likikauka, lingine linatumika. Kwa mtu wa hali hii nisingependekeza gidamu hata kama ndiyo inayokaa vizuri zaidi.

Wapigaji wa honi ya Kifaransa mara nyingi hufaidika na gidamu kwa sababu ya maumbo. Panga siku moja kila wiki ya kulivua, kufuta kwa kitambaa kikavu na kuliacha kava wazi usiku huo. Ukijijua kwamba ratiba hukushinda, vumilia mikunjo michache ya velkro.

Tromboni ina jambo lake la pekee: chombo hugawanywa vipande viwili kila kinapowekwa kwenye sanduku. Kava linalovuka kiungio cha slaidi na sehemu ya mdomo mpana lazima livuliwe kila mara, hivyo gidamu haifai hapo kabisa. Ama tumia velkro au vifungo, ama tengeneza makava mawili madogo yasiyovuka kiungio, na hayo unaweza kuyafunga kwa gidamu.

Kwa tuba na eufoniamu, usijaribu kufunika kila mahali kwa kava moja. Funika pale kiganja na mkono wa mbele vinapogusa, kila mahali na kava lake. Mirija ni minene na imenyooka kiasi, kwa hiyo vifungo hukaa vizuri, na unene wa velkro hauumizi mtu.

Vyombo vya bendi vinavyopokezanwa viwe na velkro. Mikono haifanani, makava yatahitaji kuvuliwa na kila anayetumia, na anayeyatunza ataweza kubadilisha tepe bila kutengeneza kava jipya. Bendi inayojali mwonekano wa pamoja inaweza kuchagua vifungo, ilimradi awepo mtu wa kukagua ndimi za ndani.

Wapiga gwaride wanaonyeshewa na mvua wajue kwamba ngozi ya magome ikilowa chapa hupoteza umbo na huweza kuacha rangi. Ngozi ya kromu yenye velkro hukauka bila kukakamaa. Mvua ikikukuta na kava la aina yoyote, livue kabla ya kufunga sanduku, na likauke kivulini, mbali na moto.

Anayeshona ngozi kwa mara ya kwanza aanze na gidamu kwenye kitambaa kizito au ngozi ya mabaki, hata kama anakusudia kuishia kwenye vifungo. Atajifunza umbo la chombo chake, na kiolezo hicho hicho kitamtumikia baadaye.

Vyombo vilivyochovywa fedha navitenga kidogo. Fedha huwa nyeusi kwa salfa, na ngozi nyingi hutolewa manyoya kwa sulfidi ya sodiamu kabla ya kusindikwa. Kama ni lazima uweke kava, liwe la kuvuliwa kwa haraka na lisikae sandukuni pamoja na chombo. Na kwa chombo cha zamani kisicho na vanishi, au kilichoanza kuonyesha madoa ya waridi, acha kava kwanza. Tumia glavu za pamba au kitambaa cha kufutia, umpelekee fundi wa vyombo aliangalie doa, na kipimo cha ngozi kisubiri jibu lake.